Matairi ya Marehemu Abrahman Machano, Muuza Halua wa Kikwajuni

Assalamu alaykum wazee wangu, mashekhe wetu mliotusomea hitma, majirani wa Kikwajuni, wageni wetu mliotoka Jambiani alfajiri, na nyinyi mama zetu mlioko ndani nyuma ya pazia, ambao najua mnasikia vizuri kuliko sisi tulioko huku nje. Mimi ni Mabrouk Simai, mama yangu na mama wa marehemu walikuwa ndugu wa tumbo moja, na familia imenichagua mimi kusoma historia hii kwa sababu ya sauti yangu, na kwa sababu hakuna kiumbe aliyekaa nyuma ya pikipiki ile mara nyingi kama mimi. Skuli niliiacha darasa la nne, au tuseme iliniacha yenyewe, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na atakayeona neno limekwenda kombo anivumilie mpaka kahawa itakapopita.

Marehemu Abrahman Machano alizaliwa hapa hapa Kikwajuni, siku ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, asubuhi ile manowari ya Wajerumani ilipoipiga ya Waingereza bandarini, na mama yake alikuwa akituhadithia kwamba mzinga wa kwanza ulipolia mtoto alikuwa bado, wa pili akachungulia, wa tatu akashuka mwenyewe, mkunga hakuwahi hata kukunja mikono ya nguo. Ndiyo maana, mimi nasema, maisha yake yote hakustarehe mahali pasipo na mlio.

Alitiwa chuoni akiwa mdogo, akahitimu msahafu mwaka 1924, kisha akaingia skuli ya serikali, ambako alisoma mpaka darasa la tano mwaka 1929, akanipita mimi kwa darasa moja, na darasa hilo moja amenitajia kila Idi, kila harusi, na mara moja hata msibani. Januari ya mwaka 1930 akaingia kazini katika jiko la halua la Mkunazini, akakoroga masufuria ya watu kwa miaka saba, kazi ambayo ukiuacha mwiko ukapiga chafya tu, halua imeshika chini, na mwaka 1937 akafungua jiko lake mwenyewe. Halua yake haikuhitaji sifa yangu, lakini nitaisifu, ilikuwa ukiitia mdomoni unasahau ulikuwa umemkasirikia nani, na harusi ya Nungwi au ya Makunduchi isiyokuwa na vikapu vya Abrahman watu waliihesabu kuwa ni posa tu, harusi yenyewe inakuja.

Tarehe 10 Juni 1938, siku ya Ijumaa, marehemu alimwoa Bi Shemsa binti Muhiddin, wa mtaa huu huu, na tarehe 4 Oktoba 1946, siku ya Ijumaa vilevile, akamwoa Bi Mwanakheri binti Mwalim, wa Jambiani, ambaye alimwona alipopeleka halua katika harusi ya shoga yake, na Bi Mwanakheri mwenyewe akamwambia mbele ya watu kwamba halua imezidi iliki. Mtu aliyekuwa hajapata kuambiwa neno hilo maishani mwake alirudi mjini, na wiki ya pili akatuma wazee.

Sasa hapa, wazee wangu, nawaomba mnisikilize, kwa sababu jambo lote ninalolisoma leo limesimama hapa. Baada ya ndoa ya Jambiani kufungwa, baba wa bibi harusi, Mzee Mwalim, Mungu amrehemu, alimshika marehemu mkono, akamwambia, "Mwanangu Abrahman, sikukatazi wala sikutishi, lakini unajua kuwa mtu mwenye wake wawili akamwelemea mmoja, Siku ya Kiyama anakuja na ubavu mmoja umelala?" Marehemu akajibu, "Naam, baba, nimesikia," na kweli alisikia, maana tangu siku ile khofu ya kuja mbele ya Mola wake kaegemea upande ilimkaa rohoni isitoke. Akigawa samaki atagawa kwa uzi. Akinunua kanga atanunua doti mbili za rangi moja, mpaka wake zake wakalalamika kuwa wanafanana kama watoto wa skuli. Bi Shemsa akazaa watoto watatu, Bi Mwanakheri akawa na mmoja, na marehemu akakonda, hakupumua sawasawa mpaka Mungu alipomjaalia Bi Mwanakheri mapacha.

Zamu aliigawa siku mbili mjini, siku mbili shamba, na kwa miaka ya mwanzo alikwenda kwa gari la abiria, ambalo likiharibika njiani zamu nayo inaharibika, na kila saa iliyopotea alikuwa akiilipa upande wa pili kama mtu anayelipa funga. Ndipo Julai mwaka 1952 akainunua pikipiki, kutoka kwa Mzungu mmoja wa bandarini aliyekuwa anarudi kwao.

Ilikuwa pikipiki ya kawaida, wala nisiipambe, haina kigari cha pembeni wala kioo cha kuzuia upepo, ina silinda moja, tangi jeusi, taa moja kubwa ya mviringo mbele, kiti cha dereva chenye springi mbili na kiti kidogo cha nyuma kisichokuwa na huruma. Lakini ilikuwa ukiipiga teke mara moja inaitika, na mlio wake ulikuwa wa mtu mzima, tu, tu, tu, hauna papara, watoto wa Kikwajuni wakiusikia tangu Michenzani. Mimi ndiye niliyemfundisha kuiendesha, nikiwa nimekaa nyuma, ingawa mwenyewe sijapata kuiendesha hata siku moja, maana ufundi wa kuona kosa la mwenzio ni ufundi mbali. Na jinsi alivyoistarehea, nyinyi hamjui! Tukitoka mjini asubuhi, vikapu vya halua vimefungwa nyuma yangu, au niseme mimi nimefungwa pamoja na vikapu, tukishaipita Tunguu, akifungua moto kidogo, kanzu yangu ikijaa upepo, harufu ya ardhi mbichi inakujia puani, na tukiingia msitu wa Jozani baridi inashuka ghafla kama umefungua mtungi, kima wanaturukia juu ya vichwa, marehemu hapo alikuwa anapunguza mwendo, anaacha kusema, na kama nilikuwa nahadithia kitu aliniambia, "Mabrouk, hapa nyamaza." Hata kuiegesha alikuwa na adabu yake, hakuiweka kwa kile chuma cha pembeni kinachoilaza ubavu, aliiinua kwa nguvu zake zote akaisimamisha kwa stendi ya kati, wima kama imamu, na sababu yake mnaijua.

Basi ikafika Machi ya mwaka 1956, mvua za masika zimeanza, na matairi yote mawili yamekwisha, yamekuwa kipara hata nzi angeteleza. Tukaenda mimi na yeye Darajani, dukani kwa Bwana Mkadam, ambaye namwona pale amekaa karibu na mlango, kutazama matairi mapya. Bwana Mkadam akatutolea ya aina mbili. La kwanza la mistari, mwili wake laini, mistari imezunguka tairi mwanzo mpaka mwisho, hilo kwenye lami linateleza kama neno la mshenga, lakini kwenye mawe na matope halikusaidii kitu. La pili la kashata, lina vinundu vikubwa vilivyokatwa kama kashata kwenye sinia, hilo kwenye mawe ya Jambiani linang'ata kama jino, lakini kwenye lami linavuma kama mzinga wa nyuki na linakutikisa mpaka meno. Marehemu akayapapasa, akayanusa, akabonyeza kwa kidole gumba, akauliza, "Bwana Mkadam, lipi zuri?"

Bwana Mkadam akamjibu kwa nia njema kabisa, "Tairi zuri ni la njia unayoipenda. Wewe, Abrahman, hasa unapita zaidi wapi, mjini au shamba?"

Wazee wangu, lile lilikuwa swali la mpira, lakini marehemu alilisikia kama swali la kaburini. Duka limejaa watu, mmoja ni jirani wa Bi Shemsa, mmoja ni dereva wa gari la Jambiani, wote wanangoja ajibu. Marehemu akalirudisha tairi mezani, akasema, "Nimesahau moto jikoni," akatoka, akaniacha mimi nimesimama na tairi la kashata shingoni, maana nilikuwa najaribu uzito.

Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa unajua. Pale barazani palikuwa hapakaliki. Mmoja anasema, "Abrahman akitia la mistari, yule wa Jambiani ajihesabu kaachwa." Mwengine anajibu, "Akitia la kashata je, Bi Shemsa ataweka wapi uso, mume anapita mtaani analia kama nyuki kuonyesha kwamba roho yake iko shamba?" Mimi niliwatuliza kwa hekima, nikawaambia kuwa anatazamia kununua punda.

Nyumbani Bi Shemsa akamwandalia chakula, akamwangalia anavyokula, akamwuliza taratibu, "Ati nasikia ulikuwa unapapasa tairi la mawe. Hapa kwangu kuna mawe gani, mume wangu?" Marehemu akasema hana habari na tairi lolote. Akenda Jambiani zamu ilipofika, Bi Mwanakheri alikuwa pwani na wenzake wanapiga makumbi ya nazi kutoa usumba wa kusokotea kamba, akamwona kwa mbali, akamwambia kwa sauti ya wenzake wote kusikia, "Karibu, mwenye mistari! Ukija nalo hilo tairi la mjini, liache hapo hapo lami inapoisha, na wewe lala nalo." Wanawake wakacheka mpaka makumbi yakawadondoka. Basi marehemu akaona salama ni kutonunua kabisa, akaendelea na vipara vyake, na kila mara nikimwambia, "Abrahman, tutakufa," ananijibu, "Bora tufe tuko sawa."

Alkhamisi, tarehe 29 Machi 1956, tumebeba halua ya harusi ya Paje, mvua imenyesha tangu usiku, tulipofika kwenye kona ya Jozani pikipiki ilikwenda upande wake, na sisi tukaenda upande wetu. Mimi niliruka kwa ustadi nikaangukia majani, marehemu akaangukia halua. Vikapu vyote vilipasuka, na alipoinuka alikuwa na halua kuanzia kofia mpaka viatu, na kima walishuka, naapa, wakamkaribia kwa heshima. Mkono wake wa kushoto ulivunjika. Harusi ya Paje ikaliwa kwa biskuti.

Hapo mambo yakaacha kuwa ya kuchekesha. Bi Shemsa alimfunga mkono huku analia, akamwambia, "Ukifia njia ile, watu watasema alikuwa anatoka kwangu kwenda kwa mwenzangu, mimi nitauweka wapi mdomo wangu? Tia tairi kabla Ramadhani haijaandama, au unipe talaka yangu nikae kwa amani." Na Bi Mwanakheri akamtumia salamu kwa dereva wa gari, "Mwambieni, akifa watasema alikuwa anakuja kwangu, na mimi siwezi kuitwa muuaji kwa ajili ya mpira. Atie tairi, au aniache." Angalieni hapo mtu alivyobanwa, hataki kumpoteza hata mmoja, hataki kumwelemea hata mmoja, na njia ni mbili.

Marehemu akafikiri siku kadhaa, kisha akaniamsha kutoka kwenye usingizi wa mchana, macho yanamwaka, akasema, "Mabrouk, pikipiki ina magurudumu mangapi?" Nikamjibu bila kusita. Akasema, "Na mimi nina wake wangapi?" Tukaenda zetu kwa Bwana Mkadam, akanunua la mistari akalitia mbele, akanunua la kashata akalitia nyuma. Bwana Mkadam alitaka kusema neno, marehemu akamwambia, "Wewe usiniulize kitu tena."

Akampeleka Bi Shemsa nje akamwonyesha. "Langu lipi?" Bi Shemsa akauliza. "Lako la mbele, bibi, mbele ndiyo heshima, la nyuma linafuata tu." Akafurahi. Mkono ulipounga akafika nayo Jambiani, akaulizwa swali lile lile, akajibu, "Lako la nyuma, Mwanakheri wangu, la nyuma ndilo linalosukuma, la mbele linabebwa tu kama mgeni." Akafurahi na huyo. Pikipiki yenyewe haikufurahi, kwenye lami ilitikisika nyuma, kwenye mawe iliteleza mbele, ikawa hakuna njia hata moja katika kisiwa hiki inayoifaa, lakini marehemu aliipanda amenyooka, uso umejaa nuru, akidhani amemaliza.

Juni mwaka huo huo, mfungo umeisha, kukawa na harusi Mwanakwerekwe, na wake wote wawili wakaalikwa, wakawekwa mkeka mmoja. Sisi wanaume hatujui yanayosemwa huko ndani, lakini tunajua yanayotoka. Walianza kwa salamu, wakaja kwenye watoto, wakaja kwenye tairi, mmoja akasema, "Mimi aliniambia mbele ndiyo heshima," mwenziwe akasema, "Eti! Mimi aliniambia la mbele linabebwa," wakatazamana, na wanasema waliokuwapo kwamba wale mabibi, ambao miaka kumi walikuwa hawajazidi 'hujambo', walishikana mikono wakacheka mpaka bibi harusi akafikiri anachekwa yeye.

Siku ya pili yake Bi Mwanakheri hakurudi Jambiani, alikuja hapa. Marehemu alikuwa amelala baada ya chakula, alipotoka nje akaikuta pikipiki imekaa juu ya masanduku mawili ya sukari, haina tairi mbele, haina tairi nyuma. Bwana Mkadam ndiye aliyeyatoa, kwa amri ya mabibi, na asione haya, hata mimi ningetii. Akaingia ndani mbio, akawakuta wake zake ukumbini wamekaa jamvi moja, kila mmoja ana tairi lake mbele yake, na mimi nilikuwapo pale kwa sababu walikuwa wamenialika chakula. Bi Shemsa akamwambia, "Kaa, bwana. Leo hutaulizwa la mbele wala la nyuma. Tuambie kweli yako, unampenda nani zaidi?"

Marehemu alikaa. Jasho lilimtoka kama yuko mbele ya sufuria. Akamtazama Bi Shemsa, akamtazama Bi Mwanakheri, akanitazama mimi, nami nikatazama wali. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikisema kweli mtanisamehe?" Wakasema, "Tutaisikia kwanza." Akasema, "Basi kweli yangu ni hii. Nikiwa kwako, Shemsa, moyo wangu una khofu kuwa namdhulumu Mwanakheri. Nikiwa kwako, Mwanakheri, nna khofu kuwa namdhulumu Shemsa. Mahali ninapotulia ni pale Jozani, juu ya pikipiki, nshatoka kwa mmoja na sijafika kwa mwengine. Hapo ndipo nnawapenda nyote sawasawa, Mungu ni shahidi."

Mimi nilijua leo anaachwa na wote wawili. Bi Mwanakheri ndiye aliyeanza, "Masikini, miaka kumi anatuogopa!" Bi Shemsa akasema, "Na mimi nikidhani ananichoka." Akageuka kwa mwenziwe, "Dada, mtu huyu tulimwachia achague peke yake, kosa letu." Wakachukua buibui zao, kila mmoja na tairi lake begani, wakatoka kwenda Darajani, mimi nikiwafuata nyuma kuwalinda.

Wakamkabili Bwana Mkadam, Bi Shemsa akamwambia, "Mume wetu anapita mjini na shamba, sawa kwa sawa. Anataka tairi la njia zote mbili." Bwana Mkadam akainama chini ya meza, akatoa tairi la tatu, katikati lina mistari, mabegani lina vinundu vidogo, akasema, "Hili hapa, la njia zote. Lilikuwapo tangu siku ile." Bi Mwanakheri akamwambia, "Na mbona hukumwonyesha?" Bwana Mkadam akasema, "Bibi, nilimwuliza anapita wapi, akakimbia. Mara ya pili nikataka kusema, akanikataza." Wakachukua mawili yanayofanana, na tangu siku hiyo pikipiki ile ilikwenda kwenye lami kimya, kwenye mawe imara, haikuanguka tena, na wake zake wakawa wanapelekeana usumba na halua kwa mkono wake yeye mwenyewe, na siku nyingine walimgeuzia zamu wanavyotaka wao bila ya kumwuliza, naye akashukuru.

Naomba niseme wazi, kwa sababu yameshasemwa mengi sokoni, kwamba marehemu hakufa kwa pikipiki. Alianza kuugua kifua mwezi wa Novemba mwaka jana, akalazwa hospitali hapa mjini mara mbili, akarudi nyumbani tarehe 2 Februari, na Bi Mwanakheri akahamia hapa, wakamwuguza wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka alipofariki siku ya Jumatano, tarehe 18 Februari 1959, baada ya sala ya alasiri, akiwa na umri wa miaka arubaini na minne. Ameacha wajane wawili na watoto sita.

Asubuhi ya pili yake, kabla ya jeneza kutoka, kama ada yetu, ilinipasa mimi niwaombe wajane radhi kwa ajili yake. Nikasimama mlangoni, nikamwita Bi Shemsa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, akakataa. "Mwulize mwenzangu kwanza." Nikamwita Bi Mwanakheri, akakataa. "Nimtangulie vipi dada yangu?" Jua linapanda, mashekhe wanakohoa, watu wamebeba jeneza, na mimi katika maisha yangu sijakosa neno, lakini pale nilikosa. Mwisho nikasema, "Basi mnamridhia?" bila ya kumtaja yeyote, na kutoka ndani zikaja sauti mbili kwa pamoja, kama sauti moja, "Tumemridhia, duniani na akhera." Nimesikia watu wakisema kuwa nililia. Lilikuwa vumbi, lakini lilikuwa vumbi jingi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Kikwajuni mliolala hapa barazani, wapika halua wenzake mliolifunga jiko siku tatu, dereva wa gari la Jambiani aliyewachukua wazee bure, na Bwana Mkadam kwa uvumilivu wake. Na wale walioniuliza pale makaburini Mwanakwerekwe, udongo haujakauka, kama pikipiki inauzwa, nimewaona, na jibu la mabibi ni kuwa mje mkaulize wenyewe baada ya eda, wote wawili kwa pamoja, maana mmoja peke yake hajibu.

Lala kwa utulivu, Abrahman, ndugu yangu, umekwenda na radhi mbili, na hakuna iliyotangulia mwenziwe.